Simsim Iliyofichwa Nyuma ya Salamu

Anti Nyafwono,

Ninakuandikia kwenye meza yako, hapa Busia, katika chumba chetu nyuma ya duka la vifaa vya simu. Kiti chako sijakikalia. Nimeazima kigoda kwa jirani. Kibao cha "Tunatengeneza Tovuti" bado kiko mlangoni, na watu wanapita wanauliza, "Anti yuko?" Ninasema hayuko. Halafu wanakumbuka, wananipa pole.

Ni miezi mitano tangu tukuzike nyumbani Molo, upande wetu huu wa mpaka. Siku ile waliniita nizungumze kama mwanafunzi wako. Nilisimama, nikapewa kipaza sauti, nikakishika, nikakaa tena. Sikusema hata neno moja. Unanijua. Ndiyo maana ninaandika.

Nilitaka kuwaambia watu jinsi ulivyofanya kazi. Nilipokuja kwako baada ya kumaliza kidato cha sita, nilidhani kutengeneza tovuti ni kukaa mbele ya kompyuta. Siku ya kwanza hukuiwasha hata kidogo. Ulinipa daftari ukanipeleka mpakani, pale watu wanapovuka kwa miguu asubuhi, ukaniambia niandike maneno ya wanunuzi. Wauzaji niwaache. "Mnunuzi ndiye ataandika kwenye simu," ulisema. "Andika vile anasema yeye, usimsahihishe."

Mama mmoja kutoka upande wa Kenya aliuliza, "Uko na simsim nyeupe, ile haina mchanga?" Mimi nikaandika: mazao ya mbegu za mafuta. Niliona ndivyo mtu aliyesoma anavyopaswa kuandika. Ulisoma daftari langu ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Athieno, nani amekula mazao ya mbegu za mafuta asubuhi hii?"

Nilikuwa sijawahi kumwona mtu anayeheshimu maneno ya watu wa sokoni namna hiyo. Uliniambia kwamba mtambo wa kutafuta kwenye intaneti hauoni uzuri wa ukurasa. Unasoma maneno na kufuata njia kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Pasipo na njia haufiki, na njia isiyo na jina haujui inakwenda wapi. Kila nilipoandika "Bonyeza hapa" ulinigeukia na kuniuliza, "Hapa wapi?" Nilikasirika kimoyomoyo. Sasa ninajiuliza hivyo mwenyewe kila ninapoandika.

Tena ulikuwa hupimi kazi kwa kompyuta yako nzuri. Ulichukua ile simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, ukampa mtu yeyote, bibi wa mboga, fundi wa viatu, ukamwambia atafute kitu kimoja kwenye tovuti. Halafu ulikalia mikono yako. Kweli kabisa, uliiweka chini ya mapaja, ili kidole kisije kikamwonyesha njia. Akipotea, ulisema, "Aliyekosea ni mimi, mama, si wewe." Sijasikia mtu mwingine mzima akisema hivyo.

Anti, kuna jambo lazima nikuambie, nalo ni kosa langu.

Unakumbuka kazi ya kikundi cha akina mama wakulima wa Molo. Walikubaliana kwamba msimu huu wa mavuno ukiisha bila mnunuzi mpya, tovuti ifungwe, waendelee kumuuzia yule mwenye lori anayekuja na bei yake mfukoni. Kabla hujalazwa ulichora menyu ya tovuti yao kwenye karatasi: Simsim Nyeupe, Karanga, Jinsi ya Kufika, Piga Simu, Sisi ni Nani. Maneno hayo tu. Ukaniachia niimalize.

Baada ya mazishi Mama Mwenyekiti alikuja hapa na karatasi yake. Alikuwa ameipanga menyu kama ratiba ya sherehe. Kwanza Sala ya Kufungua. Kisha Salamu za Katibu, Salamu za Mlezi, Salamu za Mwenyekiti. Mwisho Shughuli za Kikundi, na ndani ya Shughuli kuna Mazao, na ndani ya Mazao ndipo simsim. Kama kwetu kwenye sherehe, ambapo chakula kinatoka wakubwa wote wakishazungumza. Tena alitaka kila jina liwe picha, herufi zenye maua ya kitenge. Nilijua si sawa. Nilifungua mdomo niseme, nikasema, "Sawa, Mama."

Ilipendeza sana. Walipiga makofi. Miezi miwili hakuna aliyepiga simu. Niliandika kwenye simu maneno ya yule mama wa mpakani, simsim nyeupe isiyo na mchanga, nikateremka ukurasa baada ya ukurasa. Hatukuwepo. Mtambo ulikuta picha za maua, ambazo hauwezi kuzisoma, na sala.

Wiki ile wakaitisha kikao Molo. Mama Mwenyekiti alisema, bila ubaya, "Tufunge tu hii kitu. Nyafwono amekwenda, na yeye ndiye alikuwa anaijua." Wengine wakaitikia. Wakaanza kusema labda tangu mwanzo kazi yako haikuwa na maana.

Hapo, Anti, moyo uliniuma. Kazi waliyokuwa wakiizungumzia ilikuwa yangu, na lawama ilikuwa ikikuangukia wewe, usiyeweza kujibu. Basi nikatoa ile simu yako, nikampa Mama Mwenyekiti, nikasema maneno matatu tu: "Mama, nitafutie simsim." Nikakalia mikono yangu.

Alibonyeza Sala ya Kufungua. Akaisoma yote kwa sauti, kikao kizima kikasema Amina. Akabonyeza Katibu. Akabonyeza Mlezi. Akafika kwenye picha yake mwenyewe, akaitazama kidogo, akarudi nyuma, akajikuta tena kwenye sala.

"Sasa hii simsim yetu mmeficha wapi?"

"Iko nyuma yako, Mwenyekiti," Katibu akasema. "Sogea tuione."

Watu walicheka. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Nilisimama, na kwa mara ya kwanza maishani nikazungumza mbele ya kikao. Nilisema, "Anti hakuipanga hivi. Ni mimi niliyekubali, na nilijua ni makosa." Nikawaonyesha karatasi yako.

Mama Mwenyekiti aliisoma mara mbili. "Kwa hiyo mimi, mwenyekiti mzima, nakaa chini ya karanga?"

Bibi mmoja aliyekuwa akipepeta simsim akajibu bila kuinua macho: "Karanga inanunuliwa. Wewe, nani amekuja kukununua?"

Nilidhani kikao kitavunjika. Lakini Mama alicheka mpaka akafuta machozi, akanirudishia simu. "Fanya vile Nyafwono alichora. Lakini ile picha yangu usiitupe."

Sikuitupa. Iko kwenye Sisi ni Nani, pamoja na salamu zote na sala. Nilitoa maua, nikaandika majina kwa maneno. Simsim Nyeupe iko mbele, unabonyeza mara moja tu. Kwenye ukurasa wake nimeeleza jinsi wanavyoipepeta mpaka mchanga unaisha. Kisha nikasubiri. Ulishaniambia kwamba mtambo hauji siku unayotaka wewe, lakini kusubiri kwenyewe kulinitesa. Kila asubuhi nilitafuta. Wiki ya tatu tukatokea, chini kabisa. Wiki iliyofuata tulipanda kidogo.

Ijumaa iliyopita nilikuwa Molo nikipiga picha za magunia, simu ya kikundi ikalia. Mama Mwenyekiti aliipokea, akaweka sauti ya nje. Ni mama mwenye duka upande wa Kenya. Alisema ametafuta simsim nyeupe safi, simu ikamletea wao, na je, bado wanayo? Nilingoja Mama ajitambulishe kwa cheo chake, jina lake na la mlezi. Alisema, "Iko, dada. Unakuja lini?" Basi. Na yule mama akaja Jumatatu kweli, akaingiza mkono ndani ya gunia, akaangalia kiganja chake, akachukua.

Tovuti haifungwi. Jana kikao kilikubali kwa sauti moja. Walisema pia kwamba kazi ilikuwa yako, na nilikuwepo nikasikia.

Pumzika sasa, Anti yangu. Umenifundisha mengi kuliko nilivyowahi kukuambia ukiwa hai, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ninakuahidi kwamba sitasema tena "sawa" kwa jambo ninalojua si sawa, hata aliye mbele yangu awe na cheo gani. Jumanne ninakwenda Buhehe kwa wafugaji wa nyuki. Wanataka picha ya mlezi wao ijaze ukurasa wote wa mbele. Nitawakatalia, Anti. Nitapiga goti niwasalimie vizuri, nitakunywa chai yao, halafu nitawakatalia.

Mwanao,
Athieno