Maji ya Kisima Kwenye Rejeta

Baba Raelene,

Usiwashe gari, hata kwa kulisogeza kivulini. Nimepanda lori la jirani yetu Mavis kwenda mjini kutafuta pampu ya maji.

Asubuhi uliniambia, "Mama, injini nzima hiyo, imetoa jasho tu." Jasho gani la rangi ya kutu? Nimefungua boneti: puli ya pampu inacheza kama jino bovu, na chini yake imeganda chumvi nyeupe. Kumbe rejeta unaijaza maji ya kisima, ambayo hata kondoo wetu huyanywa kwa kununa, ili maji ya mvua kwenye tangi yabaki ya chai yako!

Raelene anaolewa Jumamosi, na amekataa kupelekwa kanisani kwa gari jingine lolote ila hili la babu yake.

~~Usiguse kitu, nitafanya mwenyewe.~~ Haya, injini ikipoa mwaga maji, fungua feni na mkanda, toa pampu, ukwangue gaskiti kuukuu yote. Kujaza rejeta ningoje mimi.

Chai iko kwenye chupa. Nimeipika kwa maji ya kisima. Ukimaliza kikombe bila kukunja uso, nitakubali kwamba gari lilikuwa linadeka.

Mama Raelene