Mwambie Mama Polepole

Ziwani,
S.L.P. 30417,
Nairobi.
18 Novemba 1979

Mpendwa Kaka Odero,

Pokea salamu zangu. Natumaini joto la Mombasa halijakushinda na kazi ya bandarini inakwenda. Sisi huku tu wazima wa mwili. Goti la Mama linamsumbua tangu mvua zianze, na paa la jikoni bado linavuja palepale unapopajua. Mimi ningali nafundisha watoto wa nasari pale ukumbini.

Barua yako ya Oktoba ilinifikia, na najua umengoja jibu. Sikukawia kwa uvivu.

Uliniandikia kwamba umeacha seminari tangu Pasaka, umepata kazi, na umefunga ndoa na mwalimu aitwaye Wangu. Kisha ukaandika, "Mwambie Mama polepole, Aoko, wewe unamjua." Ulijua Mama hasomi. Ulijua kwamba mwenye kinywa katika nyumba hii ni mimi.

Jumapili ile tulitoka Misa, Mama akakaa kitandani, akavua viatu, akasema, "Haya, nisomee mwanangu anasemaje." Kaka, nilishindwa. Nilimsomea kwamba masomo ni magumu lakini unavumilia, na kwamba unamwombea kila asubuhi. Maneno yalinitoka kama maji. Alifurahi hata akainyakua barua mkononi mwangu, akaitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Ningeidaije?

Alhamisi jumuiya yetu ya kanisa ilikutana kwa jirani yetu Nthoki. Nilichelewa kutoka kazini. Nilipofika mlangoni nikasikia Caleb, yule katekista wetu, anasoma kwa ile sauti yake ya kusomea Waraka. Mama alikuwa amempa barua ili watu wasikie jinsi padri wake anavyoandika.

Caleb alipofika kwenye neno "nimeacha", akanyamaza. Mama akamwambia, "Endelea, Mwalimu."

"Mama, macho yangu yana shida kidogo."

"Sasa hivi hayakuwa na shida. Soma."

Akasoma hadi mwisho. Akasoma jina la mkeo, akasoma na "Mwambie Mama polepole." Mama mmoja akaanzisha wimbo kutuokoa, lakini hakuna aliyeitikia, naye akauacha njiani. Mama hakumtazama mtu mwingine ila mimi.

"Jumapili ulinisomea nini?"

Tulirudi nyumbani. Mlangoni akaniambia, "Odero amemkimbia Mungu, hiyo ni yao wawili. Lakini wewe umenidanganya mimi, na msalaba uko shingoni mwako."

Leo ni Jumapili ya tano hajakanyaga kanisani. Anawaonea haya wamama wenzake, ambao walikwisha chagua kitambaa cha sare ya kuvaa siku ya upadrisho wako. Mimi huenda peke yangu. Katika Baba Yetu, tukifika kwenye "Utakalo lifanyike" mimi hufunga mdomo. Naogopa kumwomba Mungu jambo nisilolitaka, na naogopa kumdanganya hata yeye.

Usidhani nakulaumu kwa kutoka. Afadhali mtu atoke kwa mlango kuliko kubaki altareni na moyo uko nje. Ninachokulaumu ni kingine, na nitakisema, kwa sababu nimekinyamazia miaka sita.

Nilipomaliza Kidato cha Nne masista walikuwa wamenikubali. Sanduku langu lilikuwa limefungwa. Ndipo kiharusi kikamwangusha Baba. Ulikuja likizo, ukiwa na kanzu yako mpya nyeupe, ukaniketisha pale jikoni, ukaniambia, "Aoko, mapenzi ya Mungu kwako ni huyu baba aliyelala kitandani." Nilikuamini. Nilikuamini kama ninavyoamini Injili. Nikafungua sanduku.

Miaka mitatu nilimgeuza, nikamwosha, nikamnywesha uji kwa kijiko. Sijuti, alikuwa baba yangu. Maneno yalikuwa yamempotea karibu yote, lakini jina lako lilibaki. Kila asubuhi aliniita Odero, na kila asubuhi niliitika.

Tulipomzika, niliomba tena kwenda. Ukaandika kwamba Mama asiachwe peke yake, ningoje upewe daraja la upadri kwanza. Nikangoja. Kumbe kwako mapenzi ya Mungu yalikuwa na mlango wa kutokea, na kwangu yalikuwa ukuta. Wewe ulipochoka, ulisikiliza moyo wako. Mimi nilipochoka, niliambiwa ni majaribu. Nani alikufundisha kuusoma moyo wa Mungu kwa niaba yangu, na huku wako mwenyewe ulikuwa hujausoma?

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa masista. Yule sista anayepokea wasichana aliniuliza, "Unakuja kwa sababu unaitwa, au unamkimbia mama yako?" Nikamwambia sijui. Nikamwambia nina hasira, na kwamba kuna siku siwezi kusali kabisa. Akasema, "Wengi hunijibu vizuri sana, nami huogopa. Wewe njoo Januari, tutaangalia pamoja."

Basi nitakwenda, tarehe kumi na mbili. Huenda ni Mungu, huenda ni uchungu tu. Nitajulia hukohuko. Wewe uje kabla ya siku hiyo, umchukue Mama. Usinitumie mtu, wala usiandike barua ya kunionyesha wajibu wangu. Uje mwenyewe, upige magoti mbele yake, na yale uliyotaka niseme mimi polepole uyaseme kwa kinywa chako.

Nilimwambia Mama juzi. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa. Nilidhani hakunisikia. Alipomaliza kuchambua yote, akauliza, "Na huyo Odero anajua kwamba samaki wa maji ya chumvi mimi siwali?"

Nthoki anakusalimu, na Caleb pia, ambaye kila akiniona njiani huomba msamaha kana kwamba barua ilikuwa yake. Mjomba Opiyo aliandika kutoka nyumbani, hajajua bado. Nisalimie wifi Wangu. Mwambie sina neno naye, na kwamba Mama hulala upande wa ukutani.

Mungu akulinde, hata sasa ambapo mimi naye tunasemezana kwa shida.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bado, ingawa kwa taabu,

Phelister Aoko