Jaribu bin Silima, Mpiga Mbiu wa Mgogoni

Saa tisa u nusu za alasiri, Jumamosi tarehe 4 Machi 1939, tulikuita mara tatu na hukuitika. Leo mwaka umetimia, baba. Wako wanaosema ulifia jela. Si kweli. Ulifia kitandani kwako, umelala ubavu wa kulia, kwa kuwa wa kushoto ulikuwa haugusiki.

Ulipiga mbiu miaka ishirini na sita. Ulipuliza pembe mara mbili, ukangoja watu watoke, ndipo ukasema: maziko, arusi, mbuzi aliyepotea, amri ya serikali. Hukuongeza neno wala hukupunguza. Penye mgonjwa hukupuliza. Ulisogea mlangoni ukasema polepole.

Desturi ya kazi yako ilikuwa kutoruka nyumba. Alhamisi tarehe 13 Oktoba 1938 wakulima walikutuma utangaze mkutano wa kuipinga amri ya kuwalazimisha wauze karafuu mahali pamoja. Walikuwa wameomba kibali wakanyimwa. Ulizipita nyumba zote, na ya mudiri, mkubwa wa serikali hapa kwetu, ikiwamo. Alitoka na kikombe mkononi.

"Mzee Jaribu, unanialika mimi?"

"Wewe na wa nyumbani kwako, bwana. Kesho, baada ya sala ya Ijumaa."

Ulipotusimulia, mama alishika kichwa. "Bwana we, hata kwake?"

"Ningalimruka, angalisema nimemtenga."

Asubuhi yake polisi walikuja. Walitaka uzunguke tena, kwa sauti yako mwenyewe, useme mkutano haupo. Ukisha, urudi zako nyumbani. Ulikubali. Ulipuliza mara mbili ukasema, "Nimeambiwa niwaambie mkutano haupo. Aliyeniambia ni huyu hapa nyuma yangu." Watu wakacheka. Jirani yetu Bi Mize akauliza kutoka dirishani, "Na yeye haji?"

Kwenye nyumba ya nne askari alikupiga rungu ubavuni. Tumewauliza watu watano waliokuwapo, kila mmoja peke yake. Wote wanasema mara tatu.

Mkutano haukufanyika. Ulifungwa miezi miwili kwa kosa la kuita mkusanyiko bila kibali, na Ramadhani yote ulikuwa ndani. Ulirudi unakohoa. Pembe hawakuirudisha. Khatib alitaka kwenda kuidai, ukamzuia: "Waache nayo. Hawajui kuipuliza."

Hakuna aliyeishika kazi yako. Mwezi uliopita mtu alizikwa hapa hapa Mgogoni, na nusu ya kijiji walipata habari kesho yake. Siku hizi tunaulizana mlango kwa mlango, kwa sauti ya chini, na tumechoka.

Hata hitima yako imehitaji kibali. Jibu lilikuja jana: watu wasome, wasihutubu. Leo baada ya adhuhuri wamesoma. Askari wawili walisimama uani tangu mwanzo. Kazija aliwapelekea wali; mmoja alikula, mmoja alikataa. Dua ikatiwa, watu wakavaa viatu, wakaondoka bila kusema neno juu yako. Haya tuliyoandika ndiyo waliyozuiwa kuyasema.

Wanaokukumbuka, leo na siku zote: mkeo Mwanawema, wanao Khatib na Kazija, na dada yako Mwatum.