Nilimwita Mchumba Wangu Kaka Mbele ya Mama Yake

Bi Biubwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi benki hapa Johannesburg, nimechumbiwa na Lafaele, Msamoa niliyekutana naye kanisani, harusi ni Desemba hii ya 2017 na mama yake anakuja kutoka Samoa, mama ambaye Kiingereza chake ni cha salamu tu, kwa hiyo nikanunua daftari nikaanza kujifunza Kisamoa kwa siri ili nimfurahishe. Teine ni msichana, tama ni mvulana, lakini ukivuta mwisho, tamā, amekuwa baba, hayo niliyaweza. Kilichonimaliza ni ndugu, maana kwao neno linategemea anayesema: dada yangu ni uso wangu, na kaka yake Lafaele ni uso wake, lakini kaka yangu mimi mwanamke ni tuagane, na dada yake yeye ni tuafafine, eish, nikawa nakariri hata nikisimama kwenye robot, taa za barabarani. Basi Jumapili moja kwenye simu ya video mama akaniuliza habari za Lafaele, nami kwa kutaka heshima, kama tunavyoitana kanisani, nikamwita "lo'u tuagane", yaani kaka yangu. Mama akanyamaza, akanitazama, simu ikakatika. Lafaele alikuwa jikoni, hakusikia, nami sikumwambia. Jumapili tatu sasa, saa ya kumpigia mama ikifika, namdanganya Lafaele kwamba nina kazi, kumbe nimekaa ndani ya gari nalia, maana nimesoma kwamba kwao kaka na dada wana agano zito la heshima, najiona kama nimetamka jambo chafu. Nimeshaandika ujumbe wa kuvunja uchumba, bado sijautuma. Nifanye nini?

Kagendo, Observatory, Johannesburg

Marahaba, mwanangu. Futa huo ujumbe kwanza, halafu endelea kusoma.

Kuteleza ulimi si dhambi. Kosa lako ni Jumapili tatu za uongo. Mtu unayetaka kuzeeka naye unamkimbia kwa ajili ya neno moja? Tena neno lenyewe si geni hivyo: bibi yangu kule Unguja alimwita kaka yake umbu, na kaka mtu akamwita yeye umbu vilevile, lakini dada kwa dada walikuwa ndugu.

Nilipokupigia simu Jumatatu, baada ya kusoma barua yako, nilikuuliza, "Mama alikasirika?" Ukajibu, "Si alinyamaza!" Nikakwambia kunyamaza si jibu, mweleze Lafaele leo leo. Ukabisha, ukalia, ukamweleza. Jana umenipa habari: Lafaele amezungumza na mama yake, na mama hakuona uchafu wowote. Alidhani umemkataa mwanawe, kwamba sasa unamtaka awe kaka tu. Ulipokosekana Jumapili zile akaamini kabisa. Mkeka wa harusi aliokuwa akiusuka akaukunja, akaogopa hata kumuuliza mwanawe asije akamtonesha kidonda.

Umemliza mama wa watu bure, Kagendo.

Sasa sikiliza. Lafaele asikusemee. Jumapili piga wewe, asubuhi kabla ya kanisa, kwao ni jioni. Anza na "Fa'amalie atu, tinā", samahani mama. Mwambie kwa kinywa chako kwamba unaolewa na mwanawe, na maneno yakikukimbia sema kwa Kiingereza, Lafaele atafsiri. Kisha mwombe yeye mwenyewe akufundishe maneno ya ndugu, moja kila wiki. Akicheka, cheka naye. Asipopokea, piga tena.