Alama za Viatu Juu ya Meza ya Kukatia

Wanangu,

Nimeenda kutafuta uzi, ule wa dukani wote ulishiba tope. Chai iko kwenye chupa. Cherehani ziacheni hukohuko juu ya matofali, najua tangu mafuriko yaishe ni miezi mitatu sasa.

Baba yenu amejilaza, msimuulize kitu. Asubuhi manyunyu yaligonga bati, akajitwika cherehani kichwani na kukimbia nayo hadi ghorofani kwa jirani, suruali ya mwalimu ikining'inia kwenye sindano. Mwalimu mwenyewe akabaki dukani amejifunga kitambaa cha pazia, anasubiri kiraka chake. Mvua haikufika hata dakika tano.

Nikasema akirudi nitamcheka mpaka akome. Kumbe na mimi nilikuwa nimesimama juu ya meza ya kukatia, nimekumbatia pasi. Sijui nilipanda saa ngapi. Sikuogopa, sikuhisi chochote. Mwalimu ndiye aliyenipa mkono nikashuka.

Suruali yake iko tayari, mpelekeeni nyumbani, aliondoka na lile pazia.

Alama za viatu vyangu bado ziko pale mezani. ~~Zifuteni kabla baba yenu hajaamka.~~ Ziacheni. Azione.

Mama yenu