Joka la Maboksi

Jumatatu, 4 Machi
Nimo! Jina langu limeandikishwa kwenye onyesho la mavazi ya viumbe wa hadithi, ukumbi wa maktaba, Jumamosi ya wiki ijayo. Kazi ya mjukuu wangu hiyo — mke mwenzangu, kiherehere kama mimi. Yeye mpiganaji, mimi Malkia wa Majoka. Sharti: vifaa vyote tutengeneze kwa mikono yetu. Maisha yangu yote nimeshonea watu sare na magauni ya harusi. Sasa zamu yangu!

Jumanne, 5 Machi
Pembe! Waya wa hanga, juu yake magazeti, juu yake uji wa unga wa ngano, kisha magazeti tena. Tumezianika dirishani. Jirani wa chini kauliza siku hizi tunafuga nini. Mikono inanata mpaka sasa, na ukurasa huu pia.

Jumatano, 6 Machi
Binti yangu kaja kumchukua mtoto, akazikuta pembe. Za nani? Za bibi! — mdomo wa mke mwenzangu hauna mlango. Basi! Ati mtu mzima na akili zangu, pembe? Ati yeye ni mwalimu mkuu, nusu ya shule yake itakuwa ukumbini, atasimamaje mbele yao Jumatatu? Nikamwambia asije. Akasema nikipanda jukwaani, yeye hanijui. Kaondoka chai haijanywewa.
Imeniuma. Mtoto wa tumbo langu! Nimeshika mkasi nikakata maboksi ya taji kwa hasira.

Ijumaa, 8 Machi
Taji limekataa kichwa! Nimevaa, likateleza puani, likateleza shingoni, likatua mabegani. Vipimo nilichukua sawasawa. Nimekaa kitako nikawaza. Lo! Nimeacha nafasi ya mshono. Kwenye boksi! Kila kipande, pande zote mbili, kana kwamba gundi itakunja pindo. Mazoea yana taabu.
Mke mwenzangu — siku hizi baba yake ndiye anayemleta — kacheka mpaka akalala sakafuni. Kisha akainuka, akanizunguka. Bibi, usilivue, hiyo ni kola! Nikaenda kwenye kioo. Ncha zimesimama nyuma ya masikio, shingo imekuwa ya kimalkia kweli. Kola! Taji tumekata jingine, na safari hii mtoto ndiye aliyeshika rula.

Jumapili, 10 Machi
Magamba. Chupa tupu za maji, tumekata vipande vidogo, tukavipitisha juu ya mshumaa — vinajikunja vyenyewe! Rangi ya kijani, ncha nimezipaka rangi ya kucha iliyobaki kidogo chupani. Nimeyashonea kwenye koti langu kuukuu la mvua. Hapo kwenye kushona hakuna wa kunifundisha.
Nimevaa vyote. Nimenguruma. Jirani wa chini kagonga dari yake kwa fagio. Nikanguruma tena!
Binti yangu hajapiga simu.

Jumatano, 13 Machi
Nimepiga mimi. Yuko kikaoni, wanasema. Jana pia alikuwa kikaoni. Kikao gani hicho kisicho na mwisho? Nampenda, na ananichosha. Kucha za joka, tulizozikata kwenye chupa zile zile, rangi imekauka vizuri.

Jumamosi, 16 Machi
Naandikia nyuma ya pazia, kucha zinanisumbua kushika kalamu. Ukumbi umefurika! Moyo unakwenda kama cherehani ya mota. Watu wananisimamisha kuuliza magamba nimenunua wapi. Kununua! Nimechungulia: safu za mbele zote sare za shule. Zake. Mke mwenzangu kaniuliza kama naogopa. Mimi, joka? Naogopa.
Wanaotutangulia wamepanda. Baada yao, sisi.
Sauti ya binti yangu! Mlango wa kando, huku kwetu. Bawabu kamzuia — huku ni ndugu wa washiriki tu, mama, wewe ndugu yako nani? Nimemwona kwa mgongo, mkoba kaukumbatia. Sare za mbele zimeanza kugeuka, zimemtambua mwalimu wao. Jamani, mwanangu, si lazima, rudi nyumbani. Bawabu kauliza tena.
"Mimi mtoto wa joka," kasema. Hacheki. Kwa sauti ile ile anayonyamazishia shule nzima.
Bawabu kageuka kunitazama, pembe mpaka miguu. Mke mwenzangu ananivuta mkono, tunaitwa, na mimi machozi haya yanaharibu rangi yote ya uso!