Ukurasa wa Bosco

Jumanne, 2 Septemba

Sare tena. Sketi za bluu mpaka kiuno kinauma. Shule zinafunguliwa na wazazi wote wamekumbuka leo. Nilipofunga cherehani nikakaa na ule ukurasa ninaouandika, wa mama na uji. Nimekata aya nzima ya mwanzo. Nikamsikia Bosco, mwenzangu wa kuandika, anagonga meza kwa kalamu, kama alivyozoea akitaka nikate. Bosco amekufa tangu Mei. Pikipiki yake iliteleza kwenye mteremko, akitoka kupeleka abiria Nyakiriba. Nikakata sentensi nyingine mbili. Kugonga kukaacha. Naogopa, na sina wa kumwambia.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeupeleka kuchapwa, bila jina. Ndiyo kanuni ya kikundi chetu: kila mtu anaweka ukurasa kikapuni, mwingine anausoma kwa sauti, mwenyewe anakaa kimya mpaka wote wamalize kusema. Bosco ndiye aliyetuwekea. Alisema mwandishi akifungua mdomo anaanza kujitetea.

Ukurasa mbovu. Nusura niuchane njiani.

Jumamosi, 6 Septemba

Sijui hata nianzie wapi. Tulikuwa sebuleni kwa Solange, mwalimu, kama kila Jumamosi. Yeye ndiye aliyeokota wangu kikapuni. Katikati akarudia sentensi moja mara mbili. Alipomaliza akasema, "Bon, haya. Hii ni ya Bosco. Nani ameileta?"

Wote wakakubali. Ni yeye mtupu, zile sentensi fupi, mama yake huyo. Hassani muuza vitenge, ambaye hajawahi kusifu kitu cha mtu, alilia. Wakadhani aliyeuleta anaona haya kujitaja. Mimi nilikaa kimya kwa sababu kanuni inasema kaa kimya. Walipomaliza kusema nilikuwa nimechelewa.

Solange atamleta mama yake Bosco kutoka Cyanzarwe wiki ijayo, aje ausikie.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani sikushika neno. Miaka yote hii nasubiri watu waguswe hivyo na kitu changu. Wameguswa, na sifa kapewa marehemu. Namwonea wivu maiti. Aibu gani hii.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeusoma tena na tena. Limenijia wazo baya: labda wamesema kweli. Mama ni wangu, uji ni wa kwetu Karagwe, nilikozaliwa kabla hatujarudi Rwanda. Lakini nilikata kila kitu ambacho Bosco angekikata. Kilichobaki ni cha nani? Nikafukua sura zangu za zamani, za kabla sijamjua. Porojo tupu. Kwa hiyo sina kitu. Nilikuwa mshonaji tu, kitambaa ni chake.

Sasa anagonga hata mchana, cherehani ikisimama kidogo tu. Leo nimemwambia kwa sauti, niache. Mteja akadhani anaambiwa yeye. Ikabidi nimwombe radhi na kumpunguzia bei.

Ijumaa, 12 Septemba

Nikisema, namnyang'anya mama ukurasa wa mwisho wa mwanawe. Nisiposema, sitaandika tena. Najijua. Kila nitakachoandika nitakiona ni cha Bosco.

Sijala.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama yake Bosco alikuja na kitenge chake cha misa. Solange akasoma. Mama wa kwenye ukurasa anapuliza uji wa mtama, anauonja kwa kijiko cha mtoto, anamwita mtoto kwa majina yake yote ili aamke. Mgeni wetu alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilikuwa natazama mikono yake tu.

Akanyanyua kichwa, akasema taratibu kabisa, "Mi sikumupikiaka Bosco uji ya mutama. Alikuwa anaikataa tangu mutoto. Huyu mama ni ya nani?"

Nikasema, "Ni wangu."

Hassani akaniangalia kama nimemwibia. Solange akaikunja karatasi, akaikunjua, akaikunja tena. Mama hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Aliuliza tu, "Na ya Bosco iko wapi?"

Mlangoni akanishika mkono. "Utakuja unisomee yake." Hakuwa ananiuliza.

Nikashuka mpaka ziwani, nikalia. Watu walikuwa wanapiga picha.

Alhamisi, 18 Septemba

Sijaandika. Bosco ametulia kidogo, au mashine ndiyo inapiga kelele zaidi. Hassani amepita dukani, akanunua zipu asiyoihitaji.

Jumapili, 21 Septemba

Cyanzarwe, baada ya misa. Mama hajui kusoma. Karatasi za Bosco ziko ndani ya mfuko wa unga, hazijaguswa tangu mazishi. Akaniletea, akaketi na maharage yake ya kuchambua.

Nikasoma. Nyingine mbovu kweli. Zimo sentensi nilizomwambia mwenyewe azikate na akakataa, mjuaji yule. Sikuzikata. Nilisoma kama alivyoandika. Pale mbuzi anapoingia kanisani, mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Ni yeye," akasema. Akafuta macho, akaniambia niendelee.

Kila nilipogeuza karatasi nilitega sikio. Meza ya mama ni ya mbao, angegonga ningesikia. Nimesoma mpaka koo likakauka, na Bosco akakaa kimya, kama alivyotuwekea kanuni mwenyewe.